Kituo Alichohamishiwa Atupele

Bupe mwanangu,

Mchele umeshafungwa, vitenge viko juu kwenye begi, na habari za kuchunga mizigo stendi ya Mbeya nimezisema mpaka ukaniambia, "Mama, mimi si mtoto wa chekechea." Basi, hayo yamekwisha, sitayarudia humu. Humu naandika kitu ambacho nimeshindwa kukisema kwa mdomo miaka yote hii, na wewe unanijua, mdomo haujawahi kuniishia.

Juzi tukiwa tunakula ulitusimulia mimi na baba yako habari za usaili wako. Ulisema mkuu wa hiyo shule ya binafsi ya Dodoma alikupeleka kwenye ukuta wa matokeo, akakuonyesha kwa kidole, akasema, "Hapa kwetu, mwalimu, hatuna daraja la nne wala sifuri." Ulicheka kwa furaha. Baba yako akakuongezea samaki, mwalimu mpya wa Kiingereza katika ukoo. Mimi nikainuka nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Uliuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Najua ukuta wa namna ile unavyojengwa, maana wa kwetu nilibeba matofali yake.

Atupele unamkumbuka. Najua unamkumbuka, hata kama ukisikia jina lake unabadilisha mazungumzo. Binti wa mzee Ambakisye, mliyekaa dawati moja tangu shule ya msingi mpaka kidato cha tatu, mkigawana kifutio kwa kukikata na wembe. Kwao walilima mpunga upande wa Ipinda, na kokoa waliianika mbele ya nyumba, na ndani ya nyumba hiyo hapakusemwa lugha nyingine ila Kinyakyusa. Kiswahili alikikuta shuleni. Kiingereza alikikuta kwangu, masikini ya Mungu.

Hisabati alikuwa anakufundisha wewe. Usibishe, nilikuwa nawasikia barazani.

Mlipokuwa kidato cha pili niliwapa insha kuhusu wilaya yetu. Atupele aliandika ukurasa mzima, kwa mwandiko wake ule wa kulala, na katikati ya ukurasa akaandika hivi: "In Kyela we grow lice. Our lice smells very good and people in Dar es Salaam like to eat it." Unajua tatizo lilipo. Lugha yetu ya nyumbani haina ile sauti ya r. Tumeiazima kwenye Kiswahili, na tukiwa na haraka tunairudisha ilikotoka, rafiki anakuwa lafiki. Mtoto aliandika neno kama alivyolisikia na kulitamka yeye. Alitaka kuusifu mchele wa Kyela, sifa ambayo wilaya nzima inajivunia. Akaandika kwamba tunalima chawa, chawa wetu wananukia, na watu wa Dar es Salaam wanapenda kuwala.

Nilichukua daftari lile nikaenda nalo ofisi ya walimu. Tulicheka mpaka mmoja akatoka nje kujifuta machozi. Kama ningeishia hapo, labda Mungu angenisamehe kwa urahisi. Lakini kesho yake niliisoma insha ile mbele ya darasa, kwa sauti, nikisimama kwenye kila chawa. Ulicheka kuliko wote, kwa kuwa wewe ndiye uliyeelewa wa kwanza. Kucheka kwako sikulaumu, ulikuwa mtoto. Aliyesoma nilikuwa mimi.

Kuanzia siku hiyo Atupele hakunyoosha tena mkono kwenye kipindi changu. Kwenye maoni ya mwisho wa muhula nikamwandikia kwamba ni mvivu wa kuongea.

Na hapa kuna jambo linalonitia aibu zaidi. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mgeni kutoka huku ziwani, niliambiwa niombee chakula kwa Kiingereza. Nikafumba macho nikasema, "Let us play." Tucheze. Ukumbi mzima ukalipuka. Mpaka namaliza chuo waliniita Madamu Play, na kuna usiku nililia nikitaka kurudi nyumbani kuvuna mpunga. Wahenga wanasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikushtuka. Mimi nilipotafunwa nilingoja zamu yangu ya kutafuna.

Mkawa kidato cha tatu, tukaletewa mkuu mpya. Si mtu mbaya, sitaki umfikirie hivyo. Alikuwa mtu aliyeogopa vikao vya wilayani, ambako wakuu wa shule huitwa kwa jina na kusomewa wastani mbele ya wenzao. Akatuita sisi walimu watatu wa Kiingereza: mimi, Fatuma na Mwakalobo. Akasema mwisho wa mwaka tutunge mtihani, na mwanafunzi ambaye hatafikia alama ya Kiingereza hatasajiliwa mtihani wa kidato cha nne kwa jina la shule yetu. Atahamishiwa kituo kingine, akafanye kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hayo ndiyo maneno yake, na ni maneno mazuri, utayasikia huko uendako. Kuhamishiwa kituo. Utadhani mtu amepandishwa cheo.

Fatuma alipinga siku hiyo hiyo. Mimi nilinyamaza, kwa sababu yako.

Hukuwa mzuri wa Kiingereza wakati ule, Bupe. Umesahau kwa kuwa leo una shahada yake. Ulikuwa unaelewa haraka na kusahau haraka, na mtihani wa katikati ya mwaka ulikuwa umeupata kwa kunusurika. Nikaona picha ya mtoto wa mwalimu wa Kiingereza akirudishwa nyumbani kwa sababu ya Kiingereza. Nikaona watu wa kanisani wakinipa pole huku wanabana kicheko. Basi nikakufungia. Kila ulipotoka shule nilikukalisha chumbani na vitabu, mpaka ukanichukia, na mazoezi niliyokupa yalikuwa yanafanana na mtihani niliokuwa nautunga kama pacha na pacha. Hilo hukulijua. Sasa unalijua.

Siku moja jioni Atupele akaja. Alikuwa amesikia kwamba unasoma na mimi nyumbani, akaja na daftari lake na chane ya ndizi alizotumwa na mama yake. Wewe ulikuwa ndani. Akasimama kizingitini, akapiga goti kama wanavyolelewa watoto wa kule kwao, akasema, "Madamu, naomba nisome na Bupe. Nitakaa chini, sitawasumbua."

Nikamjibu, "Bupe amesema hataki kusoma na wewe. Anasema unamrudisha nyuma."

Hukusema hivyo. Hukusema kitu chochote, hata hukujua kwamba yuko mlangoni. Nililiweka neno mdomoni mwako kwa sababu mdomo wangu mwenyewe ulikuwa unaona haya kulitoa. Atupele aliniangalia kidogo, akaziweka ndizi chini, akasema asante, akaondoka. Usiku ule mlizila na baba yako. Uliniuliza zimetoka wapi, nikasema sokoni.

Kikao cha wazazi kikaitishwa. Mkuu akaeleza utaratibu mpya kwa Kiswahili kizuri cha ofisini, akauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Mzee Ambakisye alikuwa benchi la mbele na koti lake la kanisani. Akanyoosha mkono mapema, akaunyoosha mpaka juu. Nilimwona. Nilidhani amejua anachokikubali, au nilijifanya kudhani.

Mtihani ulipita. Wewe ulipata. Atupele hakupata, yeye na wenzake kadhaa, karibu wote watoto wa vijiji vya mpunga. Mwalimu wa Baiolojia aliniletea karatasi ya Atupele ya somo lile: swali la jinsi mmea unavyojitengenezea chakula alikuwa amelijibu lote, hatua kwa hatua, bila kosa, kwa Kiswahili. Akapewa sifuri, maana ndivyo sheria ilivyo. Mwalimu yule akaniambia, "Huyu anajua kuliko waliopata." Nikamwambia, "Najua." Kila mmoja akarudi kwenye meza yake.

Baada ya wiki hivi mzee Ambakisye akanifuata shuleni. Alikuwa na furaha, Bupe. Nataka uione furaha ile kwa sababu ndiyo iliyonivunja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndaga fijo, Mwalimu," akashukuru kwa lugha yetu. "Ndaga fijo. Nimesikia Atupele amepata kituo."

"Kituo gani, mzee?"

"Si hicho mlichosema kwenye kikao? Kwamba wasiojua Kiingereza watahamishiwa kituo. Nikasema, sasa hao ndio walimu, wamewaona watoto wetu. Analipoti lini? Godolo nimeshamnunulia."

Alikuwa amefikiri ni kituo cha kufundishia. Kule mjini kuna vijana wana vyumba vyao vya masomo ya jioni, wameandika mlangoni "kituo", na yeye akajua serikali sasa imefungua kituo cha watoto wa namna ya Atupele, wakafundishwe Kiingereza polepole mpaka wakijue. Na ukifikiri vizuri, yeye ndiye aliyeelewa jambo lilivyotakiwa kuwa. Tuliokosea ni sisi tuliosoma.

Nikamweleza. Kwamba kituo maana yake ni chumba cha mtihani tu, mahali pengine, kati ya watu asiowajua. Kwamba hakuna mwalimu huko. Kwamba kuanzia sasa Atupele si wa shule yetu, atajisomea, atajisajili, atajilipia. Hakunikatisha hata mara moja. Nilipomaliza akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mkono nilionyoosha siku ile, nilikuwa namfukuza mwanangu?"

Akaniaga kwa heshima zote, kama mtu anayetoka msibani.

Atupele hakufanya mtihani ule mwaka uliofuata, wala mwingine. Nani angemwelekeza? Sisi tulikuwa tumeshapanda chati. Wastani ulipanda, mkuu akapongezwa wilayani, na sisi walimu wa Kiingereza tukanunuliwa soda.

Hiyo soda ndiyo iliyotutia wazimu. Fatuma aliisukuma chupa yake mpaka katikati ya meza, akasema hawezi kunywa. Unamkumbuka Fatuma, mtoto wa wenye duka la vitambaa, babu zao walitoka pwani, Kiswahili chake kimenyooka na ulimi wake pia. Akamwambia mkuu, "Mtoto tumekaa naye miaka mitatu hajakijua Kiingereza. Kama kuna wa kuhamishiwa kituo, tuhamishiwe sisi." Mwakalobo akacheka, kisha akaacha kucheka. Mimi kwa mara ya kwanza nikafungua mdomo.

Tulianzia hapo. Watu walidhani tuna siasa. Tulichoomba kilikuwa kidogo sana. Kwanza, kila anayeingia kidato cha kwanza afundishwe kusoma kabla ya kumwagiwa masomo kwa lugha asiyoijua, hata ikichukua muhula mzima. Pili, hakuna mtoto atakayezuiwa kumaliza shule yake kwa jina la shule yake kwa sababu ya somo letu. Mtihani ni wa mtoto, si wa mkuu. Tukaenda kwa mkuu, tukaenda kwenye bodi ya shule, tukaenda kwa wakubwa mpaka viatu vikaisha soli. Kila mahali tuliulizwa swali moja: mnataka kushusha wastani? Na kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja ambaye binti yake alikuwa anafaulu alisimama akasema, "Wanaofeli waondoke, wasituambukizie watoto." Wakampigia makofi. Ukitaka kujua maskini ana adui gani, kaa kwenye kikao cha wazazi.

Sitakudanganya kwamba tulishinda. Bodi ililifuta neno Kiingereza kwenye utaratibu wao, wakaweka neno wastani, yale yale yamevaa shati jipya. Fatuma akapata uhamisho wa kwenda milimani, mbali na mume na watoto. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwakalobo akachoka, akaacha ualimu, sasa ananunua kokoa na ana pikipiki tatu, tukikutana ananiambia, "Bado unapigana na ukuta, mwalimu?" Baadaye walio juu wakakataza mchezo ule kabisa. Siku hizi hautangazwi kwenye kikao. Mzazi anaitwa peke yake, mlango unafungwa, anaambiwa kwa upole kwamba mwanawe atafurahi zaidi kwingine.

Mimi nimebaki. Umekuwa unanitania kwamba nimeolewa na stoo ya shule, kwa sababu kila mchana vipindi vikiisha naingia mle na wasiojua kusoma. Sasa unajua kwa nini siachi. Wa kwanza niliompata alikuwa anashika kitabu na "kusoma" ukurasa mzima bila kukosea, nikafurahi, mpaka nilipokifunika kitabu na yeye akaendelea. Alikuwa amekikariri kwa kuwasikiliza wenzake. Alikuwa kidato cha kwanza, na hata Kiswahili hakuwa anakisoma. Mtoto anaweza kujificha mbele ya macho yako miaka saba, Bupe, na wewe ukamwita mtulivu.

Kila kundi jipya linapoingia nawahadithia habari ya Madamu Play kabla ya kitu kingine. Wanicheke mimi kwanza. Baada ya hapo ndipo tunafanya l na r, na tunachekana vizuri, hakuna anayebaki peke yake na kicheko. Wengine wanafika. Wengi hawafiki, nimechelewa nao. Mwaka jana wengi wa watoto wangu wa stoo walipata sifuri. Lakini walipata sifuri wakiwa wamekaa kwenye madawati yao, na jina la shule yao juu ya karatasi. Ukiniuliza hiyo ina faida gani sitaweza kukujibu vizuri. Najua tu kwamba Atupele hakuipata hata hiyo.

Ukishafika kwenye huo ukuta wako, haitachukua muda mrefu. Atakuja mtu mwenye adabu na chai, atakwambia, "Mwalimu, hawa wachache unawaonaje?" Wala hatakulazimisha. Atataka tu unyamaze, kama nilivyonyamaza mimi. Na utakuwa na sababu yako nzuri, kila mtu huwa nayo. Mimi yangu ilikuwa wewe. Sijui utafanya nini siku hiyo. Kazi hazipatikani hovyo, najua ulivyozunguka na vyeti, na siwezi kukaa hapa Kyela nikakuambia uitupe. Nakuomba tu usije ukajidanganya kwamba hukumwona mtu akinyoosha mkono.

Sasa lililobaki.

Jana asubuhi nilikuaga nikasema naenda sokoni. Nilikwenda Mbugani. Atupele amepanga chumba kule, ana watoto wawili, anauza chai na magimbi kwa vijana wa bodaboda. Alikuwa anamenya. Aliponiona alisimama, akanisalimia, "Ugonile, Madamu," akanipa kigoda. Miaka yote tukipishana ananisalimia kwa Kinyakyusa tu. Sijawahi kusikia neno jingine kutoka kwake, na nilikuwa naona ndiyo stahili yangu.

Nikamwambia Bupe anaondoka kesho, amepata kazi, anakwenda kufundisha Kiingereza.

Akaendelea kumenya. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Atafundisha vizuri. Alikuwa ananisaidia kutamka. Tukirudi shule njiani, ananishika mdomo na vidole, anasema, 'Usiguse meno kwa ulimi, Atu.'"

Sikujua. Uliwahi kuniambia? Hukuniambia. Nilikuwa na mwalimu wa Kiingereza ndani ya nyumba yangu, anafundisha barabarani, bure, bila kicheko, na mimi nikaenda kumfungia chumbani.

Akaniuliza, "Siku ile nilipokuja, Madamu, Bupe alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani."

"Alinisikia?"

Nikasema, "Hakukusikia. Na yale maneno hakuyasema. Niliyasema mimi."

Kisu kilisimama. Vijana wa bodaboda walikuwa wanapiga kelele za chai, hakuwasikia. Nilingoja anifukuze, na ningeondoka. Akasema, "Mimi nimemchukia miaka yote hii. Alipokuja likizo tulikutana pale sokoni, akaniita, nikapita upande wa pili kama simjui."

Siku hiyo ulirudi nyumbani ukasema, "Mama, Atupele siku hizi anaringa." Na mimi niliyejua kila kitu nikakujibu ndivyo watu walivyo, usijali. Uliingia chumbani ukafunga mlango. Nilikusikia unalia, nikaendelea kupepeta mchele. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa. Ya kikao nilikuwa na wenzangu. Hili nililifanya peke yangu, kwa watoto wawili, na kila siku iliyopita nililifanya upya.

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumdai. Aliuliza kitu kimoja tu: "Bupe anajua?"

Nikasema hajui.

"Basi mwambie kabla hajasimama mbele ya watoto wa watu."

Nimekuambia. Kama kuna wa kuchukiwa, nichukie mimi, na huna haja ya kuficha. Nimelea mtoto asiyejua kuficha uso wake na sijutii hilo. Sikumwahidi Atupele kwamba utakuja, na yeye hakuomba. Kijana wa bodaboda nimemwambia akufuate mapema kuliko tulivyopanga. Anapajua kwa Atupele, hunywa chai pale kila siku. Ukiona huwezi, mwambie akupeleke stendi moja kwa moja, sitakuuliza.

Mama yako